Samaki wa madimbwi Kilosa: Jina limeuzwa Ulaya, kijiji kimebaki na tope

Mkulima wa vitunguu katika bonde la Lumuma, wilayani Kilosa, anaweza kulalamikia bei, anaweza kulalamikia lumbesa, lakini angalau mzigo wake anauona ukiondoka. Gunia linapakiwa kwenye lori mbele ya macho yake, dalali anajulikana kwa jina na kwa namba ya simu, na vitunguu vya msimu huu vikishaliwa mnunuzi hana budi kurudi msimu ujao. Katika wilaya hiyohiyo ipo bidhaa nyingine iliyoondoka kwa namna tofauti kabisa. Iliondoka ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wenye maji kidogo, na aliyeichukua hakuwa tena na lazima ya kurudi.

Bidhaa hiyo ni samaki. Samaki mwenyewe ni mdogo, kiasi cha sentimita tano, anayeishi katika madimbwi ya mvua kwenye tambarare ya Kimamba. Dume amejaa rangi ya buluu na nyekundu kama aliyechovywa kwenye rangi ya kanga, jike ni wa kijivujivu asiye na mvuto. Mwaka 1977 mtaalamu wa Kiholanzi, Rudolf Wildekamp, alimtangaza katika maandishi ya kisayansi kuwa ni aina mpya isiyowahi kuelezwa duniani, akampa jina la Nothobranchius steinforti. Tangu hapo, kwa wafugaji wa samaki wa mapambo wa Uholanzi, Ujerumani, Czech, Marekani na Japani, neno "Kimamba" halimaanishi mkonge wala stesheni ya reli. Linamaanisha samaki huyo.

Kwa msomaji anayelima au kufanya biashara ndogo, swali la kwanza ni je, kuna pesa hapa? Jibu fupi ni kwamba ipo, ila si kwa njia ambayo wengi wangedhani, na sehemu kubwa yake ilishapita. Jibu refu linahitaji kwanza kumfahamu samaki mwenyewe, kwa sababu biashara yake yote imejengwa juu ya tabia yake moja ya ajabu.

Mayai yanayosubiri mvua

Kila mtu aliyekulia karibu na mbuga ameona jambo hili na wengi hawakulipatia maelezo. Dimbwi linakauka Julai, tope linapasuka, ng'ombe wanapita juu yake hadi Novemba. Mvua zinanyesha, na baada ya wiki chache tu dimbwi lina samaki. Wapo wazee wanaoamini kwamba samaki hao hushuka na mvua. Ukweli ni kwamba hawakutoka popote. Walikuwa hapohapo, ndani ya tope, wakiwa mayai.

Samaki wa jamii ya Nothobranchius hutaga mayai yao ndani ya udongo wa chini ya dimbwi. Maji yakikauka wazazi wote hufa, hakuna anayebaki. Mayai yenyewe hayafi. Yana uwezo wa kusimamisha ukuaji wake, yakalala miezi kadhaa katika udongo mkavu, na baadhi hulala zaidi ya msimu mmoja. Hata mvua ya kwanza ikidanganya, ikanyesha kidogo na kukatika, si mayai yote yanayoanguliwa, mengine hubaki akiba. Mkulima anayepanda shamba kwa awamu kwa kuogopa mvua za uongo ataielewa akili hiyo bila kufundishwa.

Maji yakijaa, vifaranga hutoka kwa muda wa saa chache na kuanza kula papo hapo. Kasi ya ukuaji wao haina mfano miongoni mwa wanyama wenye uti wa mgongo. Utafiti uliofanywa Msumbiji kwa samaki wa jamii hii na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba wanaweza kupevuka na kuanza kutaga wakiwa na umri wa siku 14 tu. Kuku wa nyama, pamoja na chakula chote cha dukani, bado ni kifaranga katika umri huo.

Si kila dimbwi linafaa. Wataalamu waliochunguza madimbwi mengi Afrika Mashariki wameona kwamba samaki hawa hutegemea zaidi udongo mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka, ambao wakulima wa mpunga na pamba wanaufahamu vizuri kuliko mtu yeyote. Udongo huo hushika maji, hulinda mayai na huyapa hewa kupitia nyufa zake. Kwa hiyo anayetaka kujua samaki wapo wapi hana haja ya kuanza na vitabu. Aanze kwa kuuliza wapi trekta hukwama masika.

Kwa nini aina mpya haziishi

Kimamba si peke yake. Mwaka huohuo wa 1977 Wildekamp alitangaza aina nyingine mbili kutoka Tanzania, Nothobranchius janpapi na Nothobranchius lourensi. Zamani zaidi, mwaka 1893, samaki wa Zanzibar alikuwa amekwishapewa jina la Nothobranchius guentheri. Mafia ilipata wake, Nothobranchius korthausae, mwaka 1973. Samaki wa Kisaki, upande wa kusini wa Milima ya Uluguru, alitangazwa mwaka 1998, wawili wa bonde la Kilombero wakafuata mwaka 2002, mwingine wa Mbwemkuru mkoani Lindi mwaka 2008, na hata Mafia ikarudi tena kwenye orodha mwaka 2017. Kwa ujumla jamii hii ina aina zaidi ya 80 barani Afrika, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye nyingi zaidi.

Sababu ya wingi huo ni ya kijiografia. Samaki wa dimbwi hawezi kupanda mlima. Waliopo upande wa Wami hawakutani na waliopo Ruvu, wa Kilombero hawakutani na wa Mbwemkuru, na kwa maelfu ya miaka kila bonde limelea watoto wake kwa rangi zake. Ndiyo maana mabonde ya Kilosa yanawavutia watafiti. Maji ya Lumuma hushuka kuingia Mkondoa, Mkondoa hupita Kilosa mjini na kumwagika katika tambarare ya Mkata na kinamasi cha Tendigo, kisha safari inaendelea kwa jina la Wami hadi baharini. Katika njia hiyo kuna mabonde ya pembeni na mbuga nyingi ambazo hakuna aliyewahi kupitisha wavu.

Historia ya Kilosa katika elimu ya samaki ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1883 Mfaransa aitwaye Sauvage alitangaza samaki mdogo wa jamii ya perege aliyeletewa kutoka Kondoa ya Usagara, yaani huku Kilosa, si Kondoa Irangi. Alimwita kwa jina la Bloyet, Mfaransa aliyekuwa akiongoza kituo cha wenzake mahali hapo. Samaki huyo leo anaitwa Astatotilapia bloyeti. Mto ulikuwa wa Wasagara, jina likawa la Kapteni. Ndivyo mambo yalivyokuwa, na kwa kiasi kikubwa ndivyo yalivyoendelea.

Namna aina mpya inavyopatikana si ya kutisha. Watu wawili au watatu hukodi gari mwishoni mwa mvua, hupita barabarani wakisimama kila penye maji yaliyotuama, hutumia wavu wa mkono, hupiga picha madume, huandika mahali na tarehe. Baadhi ni wataalamu wa vyuo, lakini wengi ni wapenzi wa samaki wanaosafiri kwa fedha zao wenyewe, na ugunduzi mwingi wa jamii hii umetokana na safari za watu wa aina hiyo. Samaki anayeonekana kuwa tofauti hupelekwa kuhesabiwa magamba na miiba ya mapezi, siku hizi na vinasaba pia. Akithibitika, sampuli moja huwekwa makumbusho kuwa kielelezo cha aina nzima, na jina huchapishwa.

Ukitazama ramani ya mahali samaki hawa walikopatikana utaona jambo la kuchekesha kidogo: ni ramani ya barabara. Alama zimejipanga kandokando ya lami na reli, kwenye mitaro, kwenye madaraja, na hasa kwenye mashimo yaliyochimbwa kifusi wakati wa ujenzi. Haina maana kwamba samaki wanapenda lami. Ina maana kwamba gari lilipofika ndipo wavu ulipofika. Vijiji vilivyo mbali na barabara bado havijaulizwa.

Bahasha moja, ukoo mzima

Sasa tabia ile ya mayai inageuka kuwa hesabu ya biashara. Kama yai linaweza kulala miezi kadhaa katika tope lenye unyevu kidogo, basi linaweza pia kusafiri. Mfugaji huweka mboji au makumbi ya nazi yaliyosagwa chini ya tangi, samaki wakataga humo, yeye akaikamua ile mboji ikabaki na unyevu tu, akaifunga kwenye mfuko na kuitia katika bahasha ya posta. Hakuna barafu, hakuna pampu ya hewa, hakuna ndege ya mizigo. Anayepokea anahifadhi mfuko kabatini, anaandika tarehe, na siku ikifika anamwaga maji. Miezi miwili baadaye ana samaki wa kuuza.

Chukua mfano wa kukadiria. Jike mmoja wa jamii hii akilishwa vizuri anaweza kutaga mayai 20 kwa siku. Kwa siku 30 ni mayai 600. Tuseme nusu yataharibika, yanabaki 300. Yakifungwa mafungu ya mayai 50, ni mafungu sita. Fungu likiuzwa dola 15 za Marekani, ambayo si bei ya ajabu katika minada ya wapenzi wa samaki, jozi moja ya wazazi imeingiza dola 90 kwa mwezi katika chumba cha nyuma cha nyumba huko Prague au Rotterdam. Wazazi wale wakifa, wapo watoto. Watoto wakifa, wapo wajukuu. Kimamba haidai senti, kwa sababu kwa utaratibu uliokuwapo mwaka 1977 Kimamba haikuwa na cha kudai.

Jambo linalouma zaidi ni kwamba jina la mahali ndilo linalouza. Wafugaji makini wa samaki hawa hawachanganyi kamwe samaki wa dimbwi hili na wa dimbwi lile, hata kama ni wa aina moja. Kila ukoo hubeba jina la mahali ulipotoka, ufupisho wa nchi, mwaka na namba ya kituo cha safari. Samaki wenye jina la kijiji huaminika, wasio na jina hushuka bei au hukosa mnunuzi kabisa. Kwa lugha ya soko, hiyo ni chapa. Mkulima wa kahawa wa Kilimanjaro anajua chapa ya mahali ni nini, na chama chake cha ushirika kimepigania jina hilo miaka mingi. Vijiji vya madimbwi vimelitoa jina lao bure.

Tanzania imewahi kupita njia hii. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aitwaye Walter von Saint Paul-Illaire alichukua ua dogo la zambarau katika milima ya Usambara na kulipeleka kwao. Ua hilo, Saintpaulia, likawa mojawapo ya maua ya chungu yanayouzwa zaidi duniani. Vitalu vya Ulaya na Marekani vimeuza mamilioni ya miche yake kwa zaidi ya karne moja. Lushoto na Amani hazikuwahi kuona mgawo wa mauzo hayo.

Na samaki anaweza kuzidi ua. Mwaka 1968 jozi chache za Nothobranchius zilichukuliwa katika eneo la Gonarezhou, Zimbabwe, na mwaka 1971 zikatangazwa kuwa aina mpya, Nothobranchius furzeri. Kwa miaka zaidi ya 30 walikuwa samaki wa mapambo tu. Kisha mwaka 2003 watafiti waligundua kwamba ukoo huo uliotoka Gonarezhou huzeeka na kufa kwa uzee katika muda wa wiki chache, usiozidi miezi mitatu. Kwa anayechunguza uzee na magonjwa yake, huyo ni mnyama wa dhahabu, maana panya humchukua miaka miwili au mitatu kupata jibu lilelile. Leo samaki hao wamo katika maabara za Cologne na Jena nchini Ujerumani, Stanford nchini Marekani na kwingineko, na mwaka 2015 orodha kamili ya vinasaba vyao ilichapishwa. Ukoo wa dimbwi moja la Zimbabwe unafanyiwa utafiti wa fedha nyingi mno, na ulitoka nchini ndani ya mifuko ya plastiki.

Usiuze shamba

Hapa inabidi kusimama na kutoa tahadhari, kwa sababu habari za namna hii zina desturi ya kuzaa wajanja. Wasomaji wanakumbuka kware. Mwaka 2013 na 2014, Kenya na hapa kwetu, watu walinunua kware kwa bei ya mbuzi, wakaambiwa yai lake ni dawa ya kila kitu, na ilipofika zamu yao kuuza hapakuwa na mnunuzi. Aliyepata ni yule aliyeuza vifaranga mwanzoni. Mtu atakayefika kijijini kesho akiuza "mbegu ya samaki wa dola" anafaa kuulizwa mnunuzi wa mwisho ni nani.

Soko la samaki hawa ni dogo. Vyama vya wapenzi wao vipo katika nchi nyingi tangu miaka ya 1960, lakini wanachama wake ni maelfu, si mamilioni. Maduka ya kawaida ya samaki wa mapambo hayawapendi sana, kwa sababu samaki anayekufa kwa uzee baada ya miezi michache humfanya mteja arudi na malalamiko. Wilaya nzima ikizalisha samaki hawa kwa pamoja, bei itaanguka kabla ya shehena ya pili.

Linganisha na Kigoma. Samaki wa mapambo wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus wa Ikola au wale wakubwa wenye nundu ya kichwa, nao huuzwa nje kwa majina ya mahali, na baadhi wamezalishwa Ulaya na Marekani kwa miaka mingi. Hata hivyo soko la samaki waliovuliwa ziwani halijafa. Samaki hao hutaga mayai machache, huchukua muda mrefu kukua, na mayai yao hayatumwi kwa bahasha. Ili umpate lazima mtu azame majini na wavu, na mzamiaji huyo ni wa hapohapo, analipwa. Thamani ya samaki wa Kigoma imefungwa kwenye kazi ya mtu wa Kigoma. Thamani ya samaki wa Kimamba imefungwa kwenye yai, na yai likishatoka halimhitaji mtu wa Kimamba.

Kwa mtazamo wa kiuchumi, basi, pesa ya kijiji haiko katika kuuza samaki bali katika mlango, maana kijiji ndicho kinachojua dimbwi lilipo, ndicho chenye ardhi, na kinaweza kusema ndiyo au hapana kabla ya wavu kuingia majini. Pesa hiyo ni ya mara chache na si nyingi: ujira wa mwongoza njia, malazi, ada ya kijiji, na, pale utafiti unapofanyika kwa mkataba, sehemu ya manufaa yatakayopatikana baadaye. Kwa kijiji ambacho hadi sasa kimepata sifuri, hata hiyo ni tofauti.

Sheria inasemaje

Aliyemchukua samaki wa Kimamba miaka ile hakuvunja mkataba wa kimataifa, kwa kuwa haukuwapo. Hali imebadilika. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1996, unatambua kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe wake na vinasaba vyao. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, iliyoanza kutumika mwaka 2014, imeweka utaratibu wa ridhaa na mgawanyo wa manufaa. Kwa kawaida vyombo hivi havirudi nyuma kudai vilivyokwisha kuondoka. Kwa hiyo hoja kubwa si samaki wa mwaka 1977. Ni yule ambaye bado hajapewa jina.

Hapa nchini, mtafiti wa kigeni anatakiwa kuwa na kibali cha utafiti cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Kuvua na kusafirisha samaki hai nje ya nchi kunasimamiwa na Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake, chini ya wizara inayohusika na uvuvi. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako sehemu ya tambarare ya Mkata imo, hakuna anayeruhusiwa kuchota hata kikombe cha samaki bila idhini ya mamlaka ya hifadhi, hata kama shimo la maji liko hatua kumi kutoka barabara kuu ya Morogoro kwenda Iringa.

Kijiji nacho kina meno yake. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inaipa halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi yake, na kijiji kinaweza kutunga sheria ndogo, zikapitishwa na halmashauri ya wilaya. Haihitaji kurasa nyingi. Inatosha kusema kwamba mgeni anayekuja kukusanya samaki, wadudu au mimea apite ofisi ya kijiji, aonyeshe kibali, aandike jina lake, taasisi yake, alichochukua na idadi yake, na nakala ibaki kijijini. Daftari la namna hiyo ndilo ushahidi pekee siku ambayo kiumbe kutoka dimbwi la kijiji kitakuwa na thamani. Gharama yake ni daftari la kurasa 96.

Adui ni bwawa, si jembe

Wakati hayo yakisubiri, madimbwi yenyewe yanapungua. Aina nyingi za Nothobranchius zimo katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini, na sababu ni rahisi: aina nzima inaweza kuishi katika mbuga chache tu, na mbuga ni mahali ambapo kila mtu anapataka, mkulima wa mpunga, mfugaji, mjenzi wa barabara. Kilosa inajua kuliko wilaya nyingi gharama ya kugombea maji na malisho.

Lakini hatari kubwa ina sura isiyotarajiwa. Mtu angedhani kwamba kuchimba bwawa la kudumu ni kuwasaidia samaki. Kwa samaki hawa ni kinyume. Dimbwi likiwa na maji mwaka mzima, kambale na perege hukaa humo na kula kila kilicho kidogo, na mayai yanayohitaji kipindi cha ukavu hayapati nafasi yake. Dimbwi linalokauka ndilo ngome yao. Vivyo hivyo mradi wa umwagiliaji unaoweka maji mfululizo katika mbuga iliyokuwa ikikauka unaweza kufuta ukoo mzima bila mtu kutambua. Hilo si hoja ya kupinga umwagiliaji. Lumuma ingekuwa wapi bila mifereji yake? Ni hoja ya kuangalia, kabla ya kuchora ramani ya mradi, ni mbuga ipi iachwe ikauke kama ilivyozoea, na mara nyingi itakuwa ile kona ambayo mpunga wenyewe hausitawi.

Dawa za kuua wadudu ni shauri jingine. Pampu inayooshewa dimbwini baada ya kupulizia vitunguu au pamba humaliza kwanza viroboto-maji na viluwiluwi ambao ndio chakula cha samaki hawa, kisha samaki wenyewe. Hasara hiyo humrudia mkulima kwa njia nyingine. Mwaka 1941 mtafiti aitwaye Vanderplank aliandika katika jarida la kitabibu la Afrika Mashariki kuhusu samaki wa jamii ya Nothobranchius kama walaji wa viluwiluwi vya mbu wa malaria. Wana faida moja ambayo samaki wa kigeni walioletwa kwa kazi hiyo hawana: dimbwi likikauka na kujaa tena, wao hurudi wenyewe, bila mradi wala mfadhili.

Kwa anayetaka kujaribu kuwafuga, njia isiyo na hasara ni kuanza na vyombo vilivyopo. Ndoo mbili za plastiki, makumbi ya nazi yaliyochemshwa ili rangi itoke, na viluwiluwi vya mbu kwa chakula vinatosha kujifunza kazi kwa msimu mmoja. Baada ya hapo aende kwa ofisa uvuvi wa wilaya kuuliza kibali cha biashara kabla ya kumtafuta mteja, si baada. Wateja wa kwanza wasitafutwe Ulaya. Hoteli, shule na nyumba za Morogoro na Dar es Salaam hununua samaki wa mapambo waliotoka Asia, na hakuna duka linaloeleza kwamba samaki wenye rangi za kushindana nao wanazaliwa kando ya reli, mwendo wa saa chache.

Msimu wa wageni wenye nyavu ndogo hufuata mvua. Huanza madimbwi yakishajaa mwishoni mwa mwaka, hukolea kati ya Machi na Juni wakati madume yana rangi kamili na barabara zinaanza kupitika, na huisha tope linapoanza kupasuka. Ofisi ya kijiji inayotaka kuwa na daftari lake tayari inafaa iwe imelinunua kabla ya Desemba.